Shawn Michaels: ulingo, mgongo na upatanisho

Shawn Michaels ni Mmarekani aliyestaafu mieleka ya kulipwa, ile ambayo sisi huku tunaiita catch. Jina lake la kuzaliwa ni Michael Shawn Hickenbottom. Alizaliwa tarehe 22 Julai 1965 huko Chandler, jimbo la Arizona, katika familia ya mwanajeshi, akakulia San Antonio, Texas. Huko alifundishwa mchezo na mzee Jose Lothario, akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwaka 1984, akiwa na miaka 19.

Kabla ya kuendelea, tujibu swali ambalo wazazi hutuuliza wanapoona watoto wamekaa mbele ya televisheni: je, yale mapigano ni ya kweli? Hapana, na ndiyo. Mshindi hupangwa kabla, na wanaopigana hushirikiana ili mmoja asimuumize mwenzake. Lakini kuanguka ni kuanguka, mbao ni mbao, na mgongo wa mtu hauna mwingine wa akiba. Maisha ya Michaels hayaeleweki bila kushika mambo hayo mawili pamoja.

Jina lake lilianza kusikika akiwa na mwenzake Marty Jannetty. Waliingia kampuni ya WWF (ambayo tangu 2002 inaitwa WWE) mwaka 1988, vijana wawili wepesi waliopendwa na watu. Januari 1992, katika kipindi kilichoigiza kibanda cha kinyozi, Michaels alimpiga Jannetty teke la kidevu, kisha akamrusha kupitia dirisha la kioo. Huo ulikuwa mchezo uliopangwa, lakini ndio uliomfanya awe mtu wa kuchukiwa, na katika kazi hiyo mtu wa kuchukiwa hulipwa vizuri sawa na wa kupendwa. Tarehe 20 Machi 1994, Madison Square Garden mjini New York, alipigana na Razor Ramon wakigombea mikanda iliyoning'inizwa juu ya ulingo, ngazi ikiwa katikati yao. Alishindwa usiku ule, ila ndilo pambano lililomtoa katika kundi la wengi. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Machi 1996, alipigana na Bret Hart wa Kanada saa nzima bila yeyote kupata pointi. Waliongezewa muda, Michaels akashinda, akawa bingwa. Mwalimu wake Lothario alikuwa naye pale.

Watu waliofanya naye kazi miaka ile hawamsifu kwa tabia, na yeye mwenyewe hajajitetea. Alikuwa mwenye kiburi, mlevi, mwenye kumeza vidonge vya maumivu kama karanga. Februari 1997 aliurudisha mkanda mbele ya watu, akisema goti linamsumbua na kwamba amepoteza tabasamu lake. Wengi wa wenzake waliona ni hila ya kukwepa kushindwa na Bret Hart. Chuki kati ya hao wawili haikuwa tena ya kuigiza.

Ikafika tarehe 9 Novemba 1997, mjini Montreal. Hart alikuwa bingwa, naye alikuwa anahama kwenda kampuni shindani. Alikataa kushindwa na Michaels katika nchi yake mwenyewe, wakakubaliana pambano liishe bila mshindi. Katikati ya mchezo Michaels alimkunja miguu Hart kwa mtindo ambao ulikuwa wa Hart mwenyewe, na Vince McMahon, mwenye kampuni, akaamuru kengele ipigwe kana kwamba Hart amejisalimisha. Hakuwa amejisalimisha. Hart akamtemea McMahon mate usoni mbele ya watu wote. Chumbani, baada ya hapo, Michaels alimwambia Hart kwamba hakujua lolote. Alijua. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 ameeleza wazi sehemu aliyofanya katika mpango ule.

Tunakaa hapa kidogo kwa sababu watu husema uongo wa catch hauna madhara kwa kuwa kila mtu anajua ni mchezo. Usiku ule mmoja hakujua. Ndiyo tofauti yote.

Miezi miwili baadaye, Januari 1998, katika pambano na Undertaker, Michaels alianguka vibaya mgongo ukagonga ukingo wa jeneza lililowekwa kando ya ulingo. Diski za uti wa mgongo ziliharibika. Alipigana mara moja tu tena, tarehe 29 Machi 1998 mjini Boston, akamwachia Steve Austin ubingwa, kisha akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alioa, akapasuliwa mgongo, akafungua shule ya mieleka San Antonio; Bryan Danielson, ambaye baadaye alikuwa bingwa mkubwa, ni mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo. Ila vidonge viliendelea. Yeye husimulia kwamba kilichomshtua ni mtoto wake wa kiume, aliyezaliwa mwaka 2000, kuanza kutambua hali ya baba yake aliyelala hovyo mchana. Mwaka 2002 aliokoka, akaanza kuhudhuria kanisa huko San Antonio.

Wapendwa wengi wangetarajia kwamba sasa ataaga ulingo moja kwa moja. Yeye alirudi. Tarehe 25 Agosti 2002, baada ya miaka minne na zaidi, alimshinda rafiki yake Triple H, na Novemba mwaka ule akawa bingwa tena. Alivaa misalaba kwenye nguo, akapiga magoti kuomba kabla ya kupigana. Je, alifanya sawa? Hata sisi wahariri hatukubaliani. Mwaka 2006 kampuni ilimpangia hadithi ambayo McMahon alijitungia dini yake mwenyewe, na katika pambano Mungu akatangazwa kuwa mwenzake Michaels, akionyeshwa kwa mwanga wa taa tu. Hilo tunasema bila kuzunguka: lilikuwa dhihaka, na ingefaa akatae. Lakini tumewasikia pia wanaosema kwamba mtu aliyeokoka akiacha kila kazi chafu, hakuna atakayeonekana humo akiwa amebadilika. Na alikuwa amebadilika. Wenzake waliomchukia ndio walioanza kulisema.

Machi 2008, huko Orlando, alipewa kazi ya kumstaafisha mzee Ric Flair. Kabla ya teke la mwisho alisita, akatamka kwa midomo kwamba anaomba radhi na anampenda. Machozi yalikuwa ya kweli kwa wote wawili.

Lililo kubwa kwetu ni la tarehe 4 Januari 2010, mjini Dayton, Ohio. Bret Hart alirudi kwenye kipindi cha kampuni kwa mara ya kwanza tangu Montreal. Katika miaka ile kumi na miwili alikuwa amempoteza mdogo wake Owen, aliyeanguka kutoka juu ya ukumbi mwaka 1999, kazi yake ilikuwa imekatizwa na pigo la kichwa, na mwaka 2002 alipatwa na kiharusi. Akamwita Michaels atoke. Wakaongea, wakashikana mikono. Watazamaji walingojea teke la kidevu, kwa kuwa wamezoea kudanganywa. Halikuja. Walikumbatiana. Wote wawili wamesema baadaye kwamba hawakuwa wanaigiza.

Tarehe 28 Machi 2010, huko Glendale, Arizona, alishindwa na Undertaker katika pambano lililokuwa na sharti kwamba akishindwa anastaafu. Alikuwa na miaka 44. Aliitunza ahadi hiyo miaka minane na nusu, kisha Novemba 2018 akapigana mara moja tena mjini Riyadh, Saudi Arabia, akiwa na Triple H dhidi ya Undertaker na Kane. Wapenzi wengi wa mchezo hawakufurahi. Amewekwa katika ukumbi wa heshima wa WWE mara mbili, 2011 na 2019, mara ya pili pamoja na kundi lake. Siku hizi yuko Orlando, Florida, akiongoza kitengo cha NXT, ambako kampuni huwaandaa wanamieleka vijana.