Mifumo ya Faili katika Seva: Usalama wa Kumbukumbu na Kasi ya Kazi

Mfumo wa faili ni sehemu ya mfumo endeshi inayopanga data katika diski na kutunza taarifa za mahali kila faili lilipo. Kumbukumbu yoyote inayohifadhiwa katika seva, iwe hati ya ardhi, cheti cha kuzaliwa au orodha ya malipo, hupitia humo. Hivyo, uchaguzi wa mfumo huo unagusa moja kwa moja uhakika wa kuisoma kumbukumbu kama ilivyoandikwa, hata baada ya miaka mingi.

Hatari kuu ni mbili. Ya kwanza ni umeme kukatika wakati seva inaandika. Ya pili ni uharibifu wa kimyakimya, ambapo diski hurejesha data iliyobadilika bila kutoa taarifa yoyote ya hitilafu.

Dhidi ya hatari ya kwanza, mifumo ya ext4 na XFS hutumia daftari la mabadiliko. Kila badiliko la mpangilio wa faili huandikwa kwanza katika daftari hilo, na seva inapowaka tena hulisoma na kurekebisha mpangilio kwa muda mfupi. XFS ilibuniwa na kampuni ya Silicon Graphics katika miaka ya 1990, na ext4 ilitangazwa kuwa thabiti katika Linux mwezi Desemba, 2008. Hata hivyo, kwa kawaida daftari hilo hulinda mpangilio wa faili na si maudhui yake. Tarakimu ikibadilika ndani ya faili, mifumo hiyo haina njia ya kuitambua.

Mifumo ya ZFS na Btrfs ilibuniwa ili kukabili hatari zote mbili. ZFS ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, na Btrfs, iliyoanzishwa Oracle mwaka 2007, iliingizwa katika Linux mwaka 2009. Mifumo hii huandika data mpya mahali papya bila kufuta ya zamani kwanza, na kila kipande cha data hupewa namba ya uhakiki. Namba hiyo isipolingana wakati wa kusoma, hitilafu hutambuliwa; na iwapo ipo nakala katika diski nyingine, kipande kilichoharibika husahihishwa papo hapo.

Ulinzi huo una gharama. Kanzidata inayobadilisha vipande vidogo mara kwa mara husababisha data kutawanyika katika diski, na kasi hupungua. Btrfs huruhusu utaratibu wa kuandika mahali papya kuzimwa kwa faili za aina hiyo, lakini namba za uhakiki nazo huzimika. XFS, kwa upande wake, husifika kwa faili kubwa na kazi nyingi zinazoandika kwa pamoja, na mwaka 2014 ilifanywa chaguo la msingi katika Red Hat Enterprise Linux 7.

Hakuna mfumo usio na kasoro. Mwezi Novemba, 2023 ilibainika hitilafu adimu katika OpenZFS iliyoweza kufanya sehemu za faili lililonakiliwa kuwa sifuri tupu. Namba za uhakiki hazikuigundua, kwa kuwa sifuri hizo ziliandikwa kama data halali. Marekebisho yalitolewa mwezi huo huo.

Aidha, picha za hali ya faili ambazo ZFS na Btrfs huchukua kwa haraka si mbadala wa nakala rudufu, kwa sababu hukaa katika diski zilezile. Diski zikiungua au kuibiwa, picha nazo hupotea. Kwa mfumo wowote utakaochaguliwa, kumbukumbu huwa salama pale tu nakala yake inapohifadhiwa mahali pengine, na urejeshaji wake unapojaribiwa mara kwa mara kabla ya dharura kutokea.