Chumba kidogo, sauti ya sinema: Mwongozo kwa mnunuzi wa Sarang'ombe

Katika wadi ya Sarang'ombe, eneo bunge la Kibra jijini Nairobi, familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati au udongo. Anayenunua mtambo wake wa kwanza wa sauti ya sinema anafaa kupima chumba kabla ya kwenda dukani.

Mtambo wa 5.1 una spika tano na moja ya besi: mbili za mbele, moja ya kati inayobeba mazungumzo, na mbili za kando, nyuma kidogo ya mtazamaji. Iwapo kitanda, kochi na jiko vimebanana, mtambo wa 2.1, wenye spika mbili na ya besi, hutosha.

Wati za PMPO zilizoandikwa kwenye sanduku hupita nguvu halisi kwa mbali. Mnunuzi aulize wati za RMS.

Spika ya besi ikiwekwa konani, mvumo huongezeka na mabati hutetemeka hadi kwa jirani. Kanuni za mazingira za mwaka wa 2009 hukataza kelele za kupindukia.

Stima zikipotea, mtambo uchomolewe, kwani nguvu za umeme zinaporejea kwa ghafla huweza kuuunguza.