Nusu siku Ghuba ya Chole: visiwa, matumbawe na popo wa magharibi

Kisiwa cha Mafia kipo Mkoa wa Pwani, mkabala na pale mto Rufiji unapomwaga maji yake baharini. Kusini mashariki mwa kisiwa hicho, bahari imezungukwa na visiwa vidogo, kikiwamo Chole na Juani, na hapo ndipo ilipo Ghuba ya Chole. Mchana mashua hutoka ufukwe wa Utende zikiwa na wageni wachache, na kurudi usiku ukiwa umeingia. Katika saa hizo chache mtu hufika visiwani, huangalia samaki chini ya maji, na jioni huwaona popo wakubwa wakiondoka kwenda kutafuta chakula.

Muda wa kuondoka hupangwa na maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hapa hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3, na sehemu kubwa ya ghuba hubaki matope na mchanga. Mlango wa Kinasi, ambapo ghuba inakutana na bahari kuu, una mkondo mkali maji yanapoingia na kutoka. Nahodha anayejua kazi huwashusha wageni pale maji yanaposimama. Ukimuuliza tutaondoka saa ngapi naye akakujibu kwa kuangalia bahari, ujue umempata mtu sahihi.

Kuangalia matumbawe si kupiga mbizi. Unavaa miwani inayofunika macho na pua, unabana mdomoni bomba la kupumulia, unalala kifudifudi juu ya maji na kuangalia chini. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi na kumshika mwongozaji mkono, wala asione haya. Chini utaona kangaja, pono wanaoguguna matumbawe kwa meno yao, mkunga akichungulia pangoni, na ukibahatika, kasa.

Matumbawe yanafanana na mawe lakini ni viumbe hai, wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Hukua polepole mno, na mtu akisimama juu yake anaweza kuvunja kwa teke moja kilichochukua miaka mingi kujengeka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda kupita kawaida, sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ilipauka na kufa. Baadhi ya maeneo yameota tena, mengine yamebaki kifusi.

Joto halikuwa adui pekee. Kabla ya hapo wavuvi wa baruti walikuwa wakitupa mabomu kwenye maji haya. Bomu moja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao. Watu wa visiwani walilalamika kwa miaka, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakirudi na nyavu tupu. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Vijiji vimo ndani ya mipaka yake, na watu wanaendelea kuishi na kuvua humo kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yaliyoleta mvutano. Mtafiti wa Kimarekani Christine Walley, aliyeishi Chole miaka ya 1990, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2004 akieleza jinsi wanakijiji waliotaka hifadhi iwaondolee baruti walivyojikuta baadaye wakizuiwa wao pia. Kwa mvuvi jambo hilo halihitaji kitabu. Yeye anakatazwa kutupa nyavu mahali fulani, na mgeni anapelekwa palepale kuogelea. Ndiyo maana inafaa kuuliza, kabla ya kulipa, nahodha na mwongozaji ni wa kijiji gani, na kijiji kinapata nini. Kiingilio cha hifadhi ni malipo mengine, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje.

Mashua nyingine hupitia Miewe, kisiwa kidogo kisicho na wakazi ambacho wavuvi hukitumia kuanikia samaki. Baada ya hapo ni Chole, na hapa usiharakishe. Chole palikuwa mji mkuu wa Mafia wakati wa Waarabu wa Omani na katika utawala wa Wajerumani, kabla makao kuhamia Kilindoni. Kuta za zamani zimekumbatiwa na mizizi ya miti. Kando ya pwani mafundi wangali wanaunda vyombo vya mbao.

Katika miti mikubwa ya Chole wananing'inia popo ambao mtu wa bara hajapata kuwaona. Mabawa yakikunjuliwa hufika takriban mita moja. Ni jamii ya popo wanaopatikana pia katika visiwa kama Pemba, Komoro na Madagaska. Afrika bara hawapo. Hawaruki kwa kusikiliza mwangwi kama popo wadogo wa darini, bali hutumia macho na pua. Jua likizama, kiasi cha saa 12 na nusu, wanaanza kuondoka mmoja mmoja, kisha makundi, wakivuka maji kwenda Mafia kubwa kula matunda na maua. Baadhi hushuka na kugusa bahari kwa kifua, kisha wakapanda tena.

Mkulima wa maembe anaweza kuwaona ni wezi tu. Lakini popo hawa husambaza mbegu na kuchavusha maua, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo kundi likiwindwa huchelewa kurudi. Popo wa Pemba walikaribia kwisha miaka ya 1980, wakaongezeka tena vijiji vilipoanza kuwalinda.

Waangalie kwa mbali, usiwashike, na usile tunda walilolitafuna. Ugonjwa wa Marburg uliotokea Kagera mwaka 2023 unahusishwa na popo wa aina nyingine, wa mapangoni, lakini tahadhari ni ileile.

Kufika Mafia kuna ndege kutoka Dar es Salaam, au boti kutoka Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Masika maji huwa machafu, na upepo wa kusi ukivuma sana mashua hazitoki. Papa potwe ni safari nyingine, upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi.

Mnaporudi Utende giza limeingia. Kama maji yamekupwa, mashua haitafika pwani, mtashuka na kutembea majini, kwa hiyo chukua tochi, viatu vya kulowana na mfuko wa simu usiopitisha maji.