Alama Peke Yake Hazitoshi: Walimu wa Sayansi na Wazazi wa Sekondari ya Chini Kigali

Katika mijadala ya elimu nchini Rwanda limejengeka dai kwamba tatizo la wazazi kutojua kinachoendelea darasani limekwisha kupata dawa. Dawa yenyewe ni mfumo wa kielektroniki wa CAMIS, ulio chini ya NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020. Shule huingiza alama za majaribio na mitihani, na mzazi anaweza kuzifuatilia bila kungoja karatasi ya ripoti mwishoni mwa muhula. Sina ugomvi na mfumo huo. Ninachokipinga ni fikra iliyojificha nyuma yake: kwamba kupeleka alama ni sawasawa na kumpasha mzazi habari za somo. Makala haya yanadai kwamba, kwa masomo ya sayansi katika miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, alama ndiyo habari hafifu kuliko zote ambazo mwalimu anaweza kuzipeleka nyumbani. Habari yenye nguvu ni ile inayomfikishia mzazi swali ambalo darasa linalishughulikia wiki hiyo, na kumpa nafasi ya kulichangia.

Tuanze na mzazi mwenyewe, maana sera nyingi humtaja bila kumtazama. Mzazi wa mtoto wa miaka 14 aliyeko S2 (mwaka wa pili wa sekondari) leo, akiwa na umri wa miaka 40 na kitu, aliingia shule ya msingi karibu na mageuzi ya 1991, yaliyorudisha Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne baada ya Kinyarwanda kutumika katika shule yote ya msingi kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakakatiza masomo ya kizazi chake. Wenzake waliokulia Uganda walisoma kwa Kiingereza. Wengine walirudi kutoka Congo, Burundi na Tanzania wakiwa na Kifaransa au Kiswahili. Kisha, Oktoba 2008, baraza la mawaziri likaamua kwamba Kiingereza ndicho kitakachofundishia. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo mjini Kigali, ambako Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi, kimekuwa lugha ya nyumbani tangu enzi za ukoloni, si ajabu kukuta familia yenye lugha tatu mezani, na daftari la biolojia la mtoto likiwa limeandikwa kwa lugha ya nne.

Mzazi huyo akisoma kwamba mwanawe amepata 41 kwa 100 katika fizikia, anajua nini? Anajua kwamba mtoto ameanguka. Hajui kama kilichomshinda ni kanuni ya shinikizo la vimiminika, hesabu za sehemu alizopaswa kuzimudu tangu shule ya msingi, au Kiingereza cha swali. Mkononi mwake zimebaki hatua tatu: kugomba, kusihi, au kulipia masomo ya ziada. Mwenye uwezo hulipia. Asiye nao hugomba. Alama zikienda nyumbani bila maelezo, basi, zina hatari ya kuongeza kwa familia yenye kipato kile ambacho tayari inacho, na kwa familia maskini kuongeza fadhaa tu. Annette Lareau alionyesha jambo la jinsi hiyo kuhusu Marekani katika kitabu chake cha 1989: shule husema na wazazi wote kwa sauti moja, lakini mzazi msomi ndiye anayejua kuigeuza sauti hiyo kuwa faida kwa mwanawe.

Kwamba wazazi wana mchango katika elimu ya watoto, hakuna anayebisha, na mchanganuo wa Joyce Epstein wa aina sita za ushiriki umerudiwa vya kutosha katika miongozo na warsha. Mabishano yanaanza pale tunapouliza ni habari gani inayomfanya mzazi achukue hatua. Ripoti ya Benki ya Dunia ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2004 iliweka imani kubwa katika habari: mwananchi akijua hali ya huduma, atamwajibisha mtoa huduma. Imani hiyo ndiyo iliyozaa mipango mingi ya kuwatangazia wazazi matokeo. Kwetu Afrika Mashariki ilipimwa waziwazi kupitia Uwezo, wapimaji waliopita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda wakiwajaribu watoto kusoma na kuhesabu, kisha kuwapa wazazi matokeo papo hapo. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza vijiji vya Kenya vilivyopitiwa na zoezi hilo, na katika makala yao ya 2014 hawakuona tofauti ya maana kati ya wazazi waliopewa matokeo na wasiopewa, si katika juhudi za nyumbani wala katika kuibana shule. Wanaotetea taarifa za alama mara nyingi hupita kando ya utafiti huu. Mimi naona ndio unaopaswa kusomwa kwanza na kila afisa wa elimu wa wilaya. Waandishi wake wanaeleza kwamba habari haifanyi kazi mpaka mzazi aielewe, iwe mpya kwake, ihusu jambo analolijali, na yeye mwenyewe aamini kwamba kuna kitu anaweza kukifanya. Alama ya fizikia inakwama kwenye sharti hilo la mwisho.

Kuna ushahidi unaonipinga, na sitaki kuuruka. Rebecca Dizon-Ross, akifanya kazi Malawi, aligundua kwamba wazazi wengi hawajui vizuri watoto wao wako wapi kimasomo, na kwamba wakipewa matokeo kwa uwazi hubadilisha namna wanavyogawa fedha za elimu. Peter Bergman na Eric Chan, katika jimbo la West Virginia, walituma ujumbe wa simu kwa wazazi kuhusu kazi ambazo hazikukabidhiwa, mahudhurio na alama za chini, na idadi ya masomo yaliyofeliwa ikashuka kwa zaidi ya robo. Lakini tuangalie walichotumiwa wazazi hawa. Yule wa West Virginia aliambiwa kazi gani haijakabidhiwa, na kukabidhi kazi ni jambo analoweza kulisimamia jioni hiyo hiyo hata kama hajui kemia. Yule wa Malawi alikuwa na uamuzi wa fedha mbele yake. Katika visa vyote viwili habari iliambatana na hatua iliyo wazi. Kwa hiyo tafiti hizi zinatetea habari inayotendeka, na alama ya muhula si habari ya namna hiyo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka kwingine. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya tafiti 50 zilizohusu ushiriki wa wazazi kwa wanafunzi wa umri huu hasa, wale walio kati ya shule ya msingi na sekondari ya juu. Ushiriki ulioambatana na mafanikio makubwa zaidi ulikuwa mazungumzo ya nyumbani yanayompa mtoto maana ya kusoma: kueleza matarajio, kuunganisha somo na maisha, kupanga ya mbele. Msaada wa mzazi katika kazi za nyumbani ulielekea upande wa pili kabisa. Uliambatana na matokeo ya chini. Pengine ni kwa sababu mzazi husaidia pale mtoto anapoyumba, pengine ni kwa sababu msaada wenyewe hugeuka kuwa ugomvi. Kwa vyovyote vile, matokeo hayo yanamwondolea mzazi wa Kigali mzigo asiouweza. Hatakiwi kujua kanuni za Newton kwa Kiingereza. Anatakiwa kuwa na jambo la kuzungumza na mwanawe.

Miaka mitatu baadaye Judith Harackiewicz na wenzake walilithibitisha hilo kwa jaribio lililofanyika Wisconsin. Familia zisizofika 200 zilihusika. Wazazi walioteuliwa walipelekewa vipeperushi viwili na tovuti moja vilivyoeleza hisabati na sayansi zinamfaa nini kijana katika maisha yake. Wengine hawakupelekewa chochote. Hakuna aliyefundishwa fizikia. Hakuna aliyeonyeshwa alama. Watoto wa kundi la kwanza walisoma karibu muhula mzima zaidi wa hisabati na sayansi katika miaka miwili ya mwisho ya shule. Kwa gharama ya karatasi na stempu, sijui hatua ya sera yenye tija kuliko hiyo. Lakini kuna kasoro. Uchambuzi wa baadaye wa kundi hilo hilo, ulioongozwa na Christopher Rozek, ulionyesha kwamba vipeperushi viliwasaidia wasichana waliokuwa wakifanya vizuri na wavulana waliokuwa wakiyumba, ila wasichana wanaoyumba hawakufaidika. Nchi inayotaka wasichana zaidi katika sayansi haiwezi kulipita hilo. Maelezo yangu, ambayo bado yanahitaji kupimwa, ni kwamba kipeperushi kilimtaka mzazi amshawishi mtoto, na ushawishi kwa msichana ambaye tayari anajiona hawezi huongeza shinikizo. Mzazi akiombwa kutoa ujuzi wake mwenyewe, mambo yanaweza kuwa tofauti, kwa kuwa binti hapo hakosolewi. Anatumwa kukusanya habari.

Nitoe mfano. Darasa linapofikia vijidudu vyenye manufaa, kitabu hutaja mtindi, mkate na kadhalika, na mwalimu huandika ubaoni kwamba bakteria hugeuza laktosi kuwa asidi ya laktiki. Sasa Kigali ni mji ambao ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, huuzwa katika vibanda vya maziwa karibu kila mtaa, na wazazi wengi wamekulia vijijini walikoona maziwa yakigandishwa nyumbani. Mwalimu anaweza kupeleka ujumbe wa namna hii, kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili pale Biryogo: “Wiki hii tunasoma kuhusu vijidudu vinavyotusaidia. Tafadhali mweleze mwanao jinsi ikivuguto ilivyokuwa ikitengenezwa kwenu. Ni nini kilichotiwa ili maziwa yagande? Maziwa yaliyochemshwa yanaganda yenyewe? Wakati wa baridi mlifanyaje? Ataandika majibu na kuyaleta Alhamisi.”

Tazama kinachorudi shuleni. Mmoja ataandika kwamba bibi yake hutia kijiko cha maziwa ya jana. Mwingine ataandika kwamba chombo cha maziwa kilikuwa ni kile kile siku zote, na maziwa mabichi yaliganda bila kutiwa kitu. Wa tatu atasema kwamba ya kuchemshwa yanakataa kuganda mpaka yatiwe ya zamani, na wa nne kwamba chombo husogezwa karibu na jiko. Hapo mwalimu ana kila anachokihitaji: chanzo cha bakteria, athari ya joto kali linaloua vijidudu, joto la wastani linaloharakisha kazi yao, na majibu yanayopingana ambayo darasa litalazimika kuyapatanisha kwa jaribio la vikombe vitatu vya maziwa. Mtaala wa umahiri, uliozinduliwa 2015 na kuanza kufundishwa 2016, unadai hasa kwamba mwanafunzi achunguze badala ya kukariri. Ujumbe kwa mzazi unakuwa sehemu ya maandalizi ya kipindi chenyewe. Luis Moll na wenzake walihimiza njia ya aina hii Arizona tangu 1992, walipowataka walimu wachukue ujuzi wa kaya za wafanyakazi kuwa mali ya kufundishia. (Kwa somo hilo hilo wapo watakaotaka kutumia urwagwa, pombe ya ndizi, ambayo kikemia ina utajiri zaidi. Nisingeshauri. Kwa familia ya Kiislamu ya Nyamirambo au ya Kiadventista, ujumbe kama huo ungefunga mlango ambao maziwa yanaufungua.)

Watakaopinga watasema kwanza kwamba mwalimu hana muda. Ni kweli. Mwalimu wa mikondo mitano yenye wanafunzi zaidi ya 40 kila mmoja ana wazazi zaidi ya 200, na nyongeza ya mshahara ya Agosti 2022, iliyokuwa asilimia 40 kwa walimu wa sekondari wenye shahada, haikuongeza saa katika siku. Ndiyo sababu napendekeza ujumbe mmoja kwa kila mada, kwa darasa zima, na si barua kwa kila mtoto. Kuandika sentensi tano kunachukua muda mfupi kuliko kujibu simu za wazazi waliotaharuki baada ya matokeo. Shule yenye walimu watatu wa kemia inaweza kuandika ujumbe mmoja na kuutumia mwaka hadi mwaka.

Watasema pia kwamba si wote wenye simu za kisasa. Ujumbe wa mada hauhitaji simu; unatosha ukurasa mmoja wa daftari, na mtoto mwenyewe akiwa msomaji. Na somo limewahi kuingia nyumbani bila simu za kisasa: Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, masomo yalipeperushwa redioni, na yalisikika sebuleni na jikoni hata na watu wazima ambao hawakuwa wanafunzi. Shule zilipoanza kufunguliwa Novemba mwaka huo, njia hiyo ya somo kuingia nyumbani ilififia haraka mno kwa kadiri ya faida yake. Kuhusu vikundi vya WhatsApp vya darasa, naunga mkono vitumike kwa ujumbe wa mada, na napinga kabisa alama za wanafunzi kuwekwa humo kwa majina. Mtoto wa miaka 13 hastahili kuorodheshwa mbele ya majirani.

Pingamizi la tatu ni la lugha: kwamba ujumbe wa Kinyarwanda unadhoofisha sera ya Kiingereza. Hoja hii haina uzito. Sera inahusu lugha ya kufundishia darasani. Hakuna mahali inapomlazimisha mama azungumze na mwanawe kwa Kiingereza kuhusu maziwa.

Kilichobaki ni kupima. Wilaya tatu za Kigali, yaani Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, zina shule za kutwa za kutosha kwa jaribio la mwaka mmoja wa masomo kuanzia Septemba. Nusu ya shule ziendelee na alama kama kawaida, na nusu nyingine ziongeze ujumbe wa mada katika biolojia, kemia na fizikia za S2. Kipimo kisiwe kuridhika kwa wazazi, ambako hupatikana kwa urahisi. Kiwe ni uwezo wa mwanafunzi kueleza jambo la kisayansi kwa maneno yake, pamoja na idadi ya wasichana wanaochagua sayansi baada ya S3, wakitazamwa kando wale waliokuwa na alama za chini tangu mwanzo. Wasichana hao wasipofaidika hapa kama ambavyo hawakufaidika Wisconsin, maelezo yangu kuhusu ushawishi na ujuzi wa mzazi yatakuwa yameanguka, na itabidi tutafute sababu ndani ya darasa lenyewe.