Asilimia 98 Isiyotosha: Oksijeni ya Tishu na Kipimo cha Kidoleni

Tangu janga la UVIKO-19, oksimita, kifaa kidogo kinachobana kidole, kimezoeleka kiasi kwamba ndugu wa mgonjwa huuliza "oksijeni yake ngapi?" kabla ya kuuliza homa. Makala haya yanadai kwamba katika mji kama Tarime, Kanda ya Ziwa, na vijiji vinavyoutegemea, tarakimu hiyo ikisomwa peke yake inaweza kumficha mgonjwa aliye hatarini zaidi wodini.

Tuanze na kile kinachopimwa. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Japani, alibuni njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi hupitishwa kidoleni. Himoglobini iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba hufyonza miale hiyo kwa viwango tofauti, na kwa kufuata sehemu inayopanda na kushuka na mapigo ya moyo, kifaa huitenga damu ya ateri. Jibu lake ni asilimia ya himoglobini iliyopakia oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani, wala kama damu inafika kwenye ubongo, figo na utumbo kwa kasi inayohitajika. Tishu huishi kwa mambo hayo matatu kwa pamoja.

Sikidharau kifaa hiki. Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani ilikojaribiwa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na oksimita kidoleni ni kipengele kimojawapo cha orodha hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Oksimita haikufanya kazi hiyo peke yake, lakini kwenye chumba cha upasuaji, ambako tatizo la ghafla mara nyingi ni njia ya hewa, ina nafasi isiyo na mbadala.

Wodi ya watoto ya Kanda ya Ziwa ni jambo jingine. Hapa malaria na selimundu ni wageni wa kila siku, na yote mawili hula damu. Chukua watoto wawili wa kufikirika. Wa kwanza ana nimonia: himoglobini gramu 12 kwa kila mililita 100 za damu, oksimita inasoma asilimia 85. Wa pili ana malaria kali: himoglobini gramu 4, oksimita inasoma asilimia 98. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba takribani mililita 1.34 za oksijeni. Piga hesabu: damu ya wa kwanza ina mililita 13.7 hivi katika kila mililita 100, ya wa pili 5.3 tu. Kwa kigezo cha kawaida cha chini ya asilimia 90, wa kwanza atawekewa oksijeni, na ni haki yake. Wa pili, mwenye tarakimu nzuri, anaweza kuachwa asubiri kwenye benchi.

Mtaalamu atapinga kwamba hesabu hiyo inarahisisha mno, na hoja yake ina uzito. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta kuwa kwa watoto wenye himoglobini kati ya gramu 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo ndani ya siku 28. Damu ikipungua taratibu, moyo huongeza kasi na tishu hunyonya sehemu kubwa zaidi ya oksijeni inayopita. Kwa watoto wenye selimundu pia, damu hukimbia kwa kasi zaidi kwenye mishipa ya ubongo pale kiwango cha oksijeni kinapokuwa chini. Lakini hoja hii hairudishi heshima kwa asilimia ya kidoleni. Inatudai tutazame pia mtiririko wa damu.

Kuna mitego mingine. Tarime iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 na usiku una baridi. Familia ikilala na jiko la mkaa ndani, kaboni monoksaidi hukamata himoglobini, na oksimita ya kawaida huihesabu kama oksijeni. Mtu anakufa huku skrini ikionyesha 97. Rangi ya ngozi nayo ina neno: uchunguzi wa Michigan wa mwaka 2020 ulikuta upungufu uliofichika kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe.

Je, dawa ni mashine ya kisasa zaidi? Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kuwa mwanga wa infraredi ya karibu hupenya hadi kwenye ubongo, na vifaa vilivyozaliwa hapo hukadiria oksijeni ndani ya tishu yenyewe. Ni sayansi nzuri. Ila vibandiko vyake vingi ni vya kutumia mara moja, na ngozi nyeusi huvisumbua pia. Kwa hospitali ya wilaya, naona ni fedha iliyokosea njia. Na hiyo sifa ya kutomchoma mgonjwa isitupumbaze: tone moja la damu ya kidoleni kwenye kipimo cha himoglobini lina habari ambayo mwanga wa oksimita hauna.

Kipimo cha tatu hakina bei. Bonyeza kucha ya mtoto hadi iwe nyeupe, achia, hesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mikono ikiwa baridi na mapigo dhaifu ya haraka, tishu zina njaa hata kama skrini inasema 98. Hospitali za wilaya ziongeze kwenye fomu ya kupokea mtoto nafasi mbili kando ya ile ya oksijeni, moja ya himoglobini na moja ya sekunde za kucha, na muuguzi wa zamu asiruhusiwe kuacha hata moja tupu.