Saa Yetu Haina Kosa

Wasee wa Garsen, Chewele, Bura na Hola, pamoja na nyinyi mliohamia Nairobi, leo tuongee kuhusu saa. Kuna kitu huniudhi: mtu akichelewa mkutano, utasikia "si unajua saa za Kiafrika." Yaani kuna watu wenye saa ya kweli, halafu kuna sisi. Historia inakataa.

Anzia Uingereza. Kabla ya treni, kila mji kule ulifuata jua lake. Bristol iko magharibi ya London, kwa hivyo adhuhuri yake ilichelewa kama dakika 10. Reli zilipoingia miaka ya 1840 ikawa vurugu: treni inafuata London, soko linafuata Bristol. Saa ya jengo la Corn Exchange pale Bristol ikawekwa mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji wao, mwingine wa London. Ipo mpaka leo. Saa ya Greenwich ilikuja kuwa sheria mwaka 1880. Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 wakakutana Washington na kuifanya Greenwich kuwa sifuri ya dunia. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia tu.

Kwetu sasa. Miaka ya 1930, Kenya ya mkoloni ilitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 30. Baadaye ikawa saa mbili na dakika 45. Mwisho ndio tukatua kwenye saa tatu. Jua la Mto Tana halikusogea hata kidogo. Ni maboss walikuwa wanasogeza karatasi. Hata leo jua linachomoza Garsen kama dakika 20 kabla ya Kisumu, lakini simu zote zinaonyesha saa ile ile.

Sasa ile hesabu yetu ya saa moja asubuhi, ambayo wengine huiona ya ushamba, ina akili sana. Tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hivyo kuhesabu kuanzia alfajiri kunafanya kazi. Ethiopia pia wanahesabu hivyo. London huwezi: Desemba jua linatoka karibu saa mbili asubuhi, Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana tangu 1916 wao husogeza saa mbele kila kiangazi.

Hapo ndipo pesa yako iko. Ukiwa na mteja wa London na akuambie tukutane 9:00 asubuhi, Januari hiyo ni saa sita mchana hapa Garsen, lakini Julai ni saa tano. Anayehama ni yeye, wewe uko palepale, na kazi inaweza kukupita. Kwa walio na mama au dada Ghuba: Riyadh na Doha tuko sawa nao, Dubai na Muscat wametutangulia kwa saa moja.

Kijana wa Chewele anasoma 7:00 kwenye simu na kusema "saa moja" bila kufikiria. Anabeba saa mbili kichwani kila siku. Bristol walihitaji mshale wa ziada.

Kuchelewa ni kuchelewa, na ukichelewa omba msamaha. Lakini usiisingizie Afrika.