Nani Aliangusha Ingwe?

Wiki jana nilienda kunyolewa hapa Machakos mjini, karibu nirudi nyumbani na nusu ya kichwa. Kinyozi wangu ni shabiki wa Gor Mahia, wa damu kabisa. Kwenye benchi alikuwa amekaa mwalimu mstaafu, mzee wa Kakamega aliyeoa huku Ukambani, na yeye ni wa AFC Leopards. Kuna msee akauliza kwa utani, "Kwani Ingwe ilichukua ligi lini mara ya mwisho?"

Mashine ikazimwa.

Dakika arobaini baadaye walikuwa bado wanatafuta mwenye makosa. Mwalimu alilaumu marefa, kisha wenyeviti, kisha serikali. Kinyozi alisema hakuna wa kulaumiwa, ni uzee tu. Mimi nimekaa hapo, upande mmoja nywele, upande wa pili upara. Mwishowe mwalimu akanigeukia: "Wewe kijana wa video, si unapenda kuchimbua mambo? Chimbua hili, utuambie."

Sawa, mwalimu. Nimechimbua, na majibu haya hutayapenda. Na wewe kinyozi usicheke bado.

Kwanza niseme ninaposimama. Mimi ni Mkamba, na watu wengi hudhani hii vita ya Mjaluo na Mluhya hainihusu. Lakini babangu alifanya kazi Industrial Area kwa miaka mingi, na wenzake kiwandani walimbeba uwanjani hadi akawa Ingwe kuliko wao. Nimekua nikiona jezi yake ya buluu na nyeupe imekunjwa kabatini kama nguo ya harusi. Kwa hivyo ndiyo, niko na upande. Nitajaribu kuuweka kando.

Ingwe walizaliwa 1964 wakiitwa Abaluhya. Gor walikuja Februari 1968, timu za Waluo zilipoungana, wakachukua jina la mganga mkubwa wa hadithi za Kiluo, na mwaka huohuo wakabeba ligi. Waluo na Waluhya ni majirani waliooana tangu zamani. Ndiyo maana mechi yao inaitwa ya mashemeji: unamtusi mtu Jumapili, halafu Krismasi mnakutana kwa mamamkwe.

Sasa sikiza hii, maana wengi wa rika langu hawaijui. Kuanzia 1979 hadi 1985, Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwa hawa wawili. 1979 Abaluhya. 1980 na 1981 Gor. 1982, 1983 na 1984 Ingwe. 1985 Gor tena. Miaka saba! Simba na Yanga tunaowaonea wivu leo walikuwa wanatutazama sisi. Halafu 1987 Gor wakaenda Tunis wakatoka sare ya 2-2 na Espérance, wakarudi Kasarani wakatoka 1-1, na kwa mabao ya ugenini wakabeba Kombe la Washindi la Afrika.

Ingwe ilichukua ligi mara ya mwisho 1998. Mimi sikuwa nimezaliwa. Baada ya hapo ikapita zaidi ya robo karne bila ligi, na katikati ya miaka ya 2000 ikashuka daraja kabisa, hadi ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2009. Timu iliyokuwa ikitingisha eneo zima! Ni nani aliyeifanya hivi? Tuwaite washukiwa mmoja mmoja.

Mshukiwa wa kwanza: refa. Mwalimu, nisamehe. Refa anaweza kukuibia mechi, na akiwa na roho mbaya anaweza kukuibia msimu. Hakuna refa wa kukuibia miaka ishirini na tano. Aende nyumbani.

Mshukiwa wa pili: serikali. Huyu ni mzito kidogo. Mwaka 1980 serikali ya Moi iliamua vyama vya kikabila vivunjwe, na majina ya kikabila yakaanza kufutwa hata kwenye mpira. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor nao kwa muda walilazimika kujieleza kwamba GOR ni kifupi cha Gulf Olympic Rangers. Ndiyo, cheka tu. Wazee husema hapo ndipo timu zilipokatwa mizizi, kwa sababu vile vyama ndivyo vilivyokuwa mfuko wao.

Kuna ukweli ndani yake. Lakini angalia miaka. Ingwe ilichukua ligi 1980, 1981 na 1982, mfululizo. Gor walichukua Afrika 1987. Kama ni kisu cha 1980 kilichoua, mbona marehemu alikimbia vizuri hivyo kwa miaka kumi? Hatia nusu.

Mshukiwa wa tatu: mpira wa Ulaya. Huyu hupendwa sana na wazee. Eti sisi vijana tumejaa kwenye vibanda vya kutazama Arsenal na Manchester United, tumeacha mpira wetu. Sikatai, hata mimi nina Arsenal yangu na maumivu yake. Lakini Dar es Salaam pia kuna vibanda, na vijana wa kule wanatazama Arsenal ileile. Hilo halijawazuia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, wala Simba kufika fainali hiyohiyo 2025. Kisha, siku ya mashemeji Nyayo inajaa. Watu wapo. Swali ni pesa ya hao watu hupotelea wapi.

Mshukiwa wa nne: mdhamini. SuperSport ilipoondoka kwenye ligi yetu 2017, pesa ya televisheni ikaenda nayo. SportPesa iliyokuwa inadhamini Gor na Ingwe ikajitoa mwanzo wa 2018 kwa sababu ya kodi ya asilimia 35, ikarudi, halafu 2019 leseni ikakwama na ikaondoka tena. Mishahara ikasimama. Mwaka 2021 FIFA ikaizuia Ingwe kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya kocha wa zamani na wachezaji.

Lakini jiulize: nyumba gani hii ambayo mgeni akiondoka, wenyewe wanalala njaa?

Hapo ndipo niliposimama, nikaanza kuangalia ni nani walichukua ligi baada ya Ingwe ya 1998. Tusker, ya kiwanda cha bia. Oserian, ya shamba la maua Naivasha, 2001 na 2002. Ulinzi, ya jeshi, 2003, 2004 na 2005. SoNy, ya kiwanda cha sukari, 2006. Umeona? Timu ambazo mwisho wa mwezi kuna mtu mmoja wa kuulizwa mshahara uko wapi. Hata majuzi, msimu wa 2024/25, bingwa alikuwa Polisi. Timu "za wananchi" zilikuwa zinalala njaa huku timu zenye mwajiri zikila.

Na kinyozi, hapa ndipo nakuja kwako. Gor walikaa bila ligi tangu 1995 hadi 2013. Miaka kumi na minane! Ugonjwa ulikuwa mmoja, nyinyi mlipona mapema tu. Halafu mlipona kweli? 2023 mlichukua ligi, mkanyimwa nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya mishahara. Bingwa wa Kenya amekaa nyumbani kwa deni! Nyani haoni kundule. Unamcheka shemeji ambaye mnatumia dawa moja.

Sasa nitoke kidogo kwenye mpira, nitarudi.

Nilipoitwa chuo kikuu kulikuwa na harambee nyumbani. Watu walijaa, hema likakodiwa, kila mtu akishika maikrofoni ananiita "mtoto wetu". Ahadi zikaandikwa kwenye daftari, mstari kwa mstari. Mwaka wa pili, barua ya karo ilipokuja, mamangu alizunguka na lile daftari vijiji vitatu. Kila mlango aliambiwa aende kwa fulani, yeye ndiye alisema atatoa kubwa. Nikatoka chuo. Halafu kikao kikaitwa kutafuta ni nani wa kulaumiwa. Mjomba alisema ni simu. Shangazi akasema ni marafiki. Waliongea hadi jioni, chai ikanywewa mara mbili, na daftari liko palepale mezani, hakuna aliyelifungua.

Siwachukii. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia watu wanatafuta mwenye makosa kwa sauti kubwa, mimi huuliza daftari liko wapi.

Daftari la Ingwe ni la wanachama. Hizi ni klabu za jamii: mwenye klabu ni mwanachama, mwanachama ndiye anachagua mwenyekiti. Sasa mshukiwa wa tano, huyu mwenyekiti tunayemtukana kila msimu, alichaguliwa na nani? Na wachache waliojiandikisha, kwa sababu sisi wengine tuko kinyozi tukibishana. Kule Tanzania, Simba walipofungua mlango kwa tajiri Mohammed Dewji, mpango ulikuwa yeye achukue asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Kulikuwa na wanachama wa kubakiza. Hapa kwetu, tajiri akija kesho, atakaa meza moja na nani?

Mwalimu, nilikuuliza siku hiyo kama una kadi ya uanachama, ukasema mpira uko moyoni. Babangu alisema hivyohivyo. Na mimi? Nimeingia Kenyatta Stadium hapa Machakos zaidi ya mara moja kwa mtindo wa kungoja geti lifunguliwe dakika za mwisho. Jezi yangu nilinunua kwa mtu wa barabarani, klabu haikuona hata shilingi. Nimetengeneza video nne za kulaumu viongozi, zikanilipa mimi. Kwa hivyo mshukiwa wa sita ameketi hapa anaandika.

Na hii si hadithi ya pesa peke yake. Tarehe 23 Oktoba 2010, mashemeji walipokutana Nyayo, watu 7 walikufa kwenye msongamano wa kuingia uwanjani. Saba. Walitoka nyumbani asubuhi na jezi, hawakurudi. Mpira usio na mwenyewe hauna hata mtu wa kuhesabu tiketi na kupanga mageti vizuri. Mimi niliyezoea kungoja geti lifunguliwe bure nilisoma hiyo habari mara mbili, nikanyamaza.

Kwa hivyo, hukumu yangu ni hii. Serikali ilikata mizizi, wadhamini walikimbia, wenyeviti walilala. Lakini Ingwe iliangushwa na watu wanaoipenda sana ikishinda na kuijua kwa mbali ikidaiwa. Gor wako kwenye foleni hiyohiyo. Mwenzako akinyolewa, tia chako maji.

Nilirudi kwa kinyozi jana kumaliza kichwa changu. Mwalimu alikuwepo. Nikamsomea haya yote, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kadi ya uanachama inapatikana wapi. Kinyozi akacheka. Mwalimu akamwambia, "Na wewe ya Gor unayo?" Mashine ikazimwa tena.

Niambieni nyinyi: mna kadi, ama mna moyo tu?